Kuseti dai za kujazia risasi: ile "iguse alafu robo mzunguko" inafanya nini hasa

Ukifungua seti yako ya kwanza ya dai za kujazia risasi, yaani kalibu za kulirudisha ganda lililotumika liwe risasi tena, unakuta vichuma viwili au vitatu vizito vya duara, vina thredi nje, fimbo katikati, nati mbili tatu, na kikaratasi kilichokunjwakunjwa. Kikaratasi kinakwambia pandisha pistoni ya presi (ile mashine ya mkono) mpaka juu, zungusha dai ishuke hadi iguse kishikio cha ganda, kile kipande cha juu ya pistoni kinachoshika kitako, shusha pistoni, ongeza robo mzunguko, kaza loknati (nati inayoizuia dai isizunguke), basi. Na ukifanya hivyo mara nyingi risasi itaingia kwenye bunduki na italia, ndo maana watu wengi wanaishia hapo na hawaulizi tena. Mimi pia niliishia hapo kwa muda mrefu, mpaka nikaanza kuona maganda yangu yana kamstari kang'aavu kamezunguka karibu na kitako, tena maganda niliyoyatumia mara nne tano tu. Hapo ndo nikakaa chini kutafuta ile robo mzunguko ilikuwa inafanya nini huko ndani.

Kikaratasi hakidanganyi. Ila aliyekiandika hajawahi kuiona bunduki yako, hajui chemba yake, pale ndani risasi inapokaa, ina urefu gani, kwa hiyo ikabidi aandike maelekezo ambayo yataifanya risasi iingie kwenye bunduki yoyote ile ya saizi hiyo. Maelekezo ya kila bunduki yanalibana ganda kuliko linavyohitaji. Kuseti dai vizuri ni kuacha kuipima kwa kishikio na kuanza kuipima kwa ganda lililotoka kwenye chemba yako wewe, na karibu kila kitu nitakachoeleza hapa kinarudi kwenye hilo.

Tukubaliane maneno kwanza maana kwa Kiswahili tunasema risasi kwa kila kitu. Risasi nzima ina vitu vinne: ganda la shaba ya njano, fataki iliyopachikwa kwenye kitako, baruti ndani, na kichwa, yaani kile kipande kinachoruka. Ganda la raifo nyingi lina umbo la chupa, lina kitako, kiwiliwili, bega, shingo na mdomo. Ganda la bastola nyingi limenyooka tu, halina bega wala shingo. Dai ni kalibu la chuma kigumu linalofungwa juu ya presi, na ukivuta mkono wa presi pistoni inapanda na ganda, ganda linaingia kwenye kalibu, linatoka na umbo jipya. Ndo hivyo tu, hakuna umeme hakuna nini, ni skrubu na wenzo.

Jambo la sheria limalize kabla hujanunua hata nati moja. Nchi nyingi zinataka kibali cha kujaza risasi na kwingine hairuhusiwi kabisa hata kama silaha yenyewe una leseni nayo. Alafu hapa sizungumzii kipimo cha baruti hata kidogo, hicho kinatoka kwenye kitabu cha vipimo kilichochapishwa, cha baruti hiyohiyo na kichwa hichohicho, na unaanzia kiwango cha chini. Kuseti dai kote kunafanyika kwa ganda tupu, halina fataki, halina baruti, na boksi la baruti liko chumba kingine au limefungwa. Miwani ya kukinga macho vaa, na ukimaliza nawa mikono vizuri, fataki zilizotumika na vichwa vya risasi vina madini ya risasi yenyewe na hayafai kuingia kinywani.

Sasa twende kwenye shaba. Risasi ikilia ganda linavimba. Ukichukua .308 Winchester, shinikizo la juu linaloruhusiwa ni pauni 62,000 kwa kila inchi ya mraba, na kwa sekunde ndogo sana ile shaba inasukumwa pande zote mpaka inakumbatia kuta za chemba, inaziba moshi usirudi nyuma, alafu shinikizo likishuka inajirudi kidogo tu, kiasi cha kutoka. Kwa hiyo ganda lililotumika ni kama picha ya chemba yako iliyochapwa kwenye shaba. Dai ya kwanza, dai ya kurudisha umbo, kazi yake ni kulibana lile ganda lirudi liwe dogo kuliko chemba, liingie bila kusukumwa. Swali zima ni dogo kiasi gani.

Upana haukusumbui sana, huo umeshachongwa ndani ya dai na huwezi kuubadilisha. Unachobadilisha wewe kwa kuzungusha dai ni bega linasukumwa nyuma kiasi gani, na kwa ganda la umbo la chupa ambalo ukingo wa kitako hauchomozi kupita kiwiliwili, kama .223 Remington, .308 au .30-06, bega ndo kila kitu, maana ndo linalogota ndani ya chemba na kulizuia ganda lisiende mbele zaidi. Ule umbali kutoka uso wa bolti, kile chuma kinachofunga chemba nyuma ya ganda, mpaka pale bega linapogota mafundi wa silaha wanauita hedispesi. Ukilisukuma bega nyuma kupita kiasi umeacha pengo. Pini ya kufyatulia inapopiga fataki inalisukuma ganda lote mbele kwenye lile pengo, baruti inawaka, kuta za mbele za ganda zinavimba na kuishika chemba kwa nguvu, ila kitako bado kiko mbali na bolti, kwa hiyo shinikizo linakisukuma kitako kirudi nyuma peke yake, na shaba inavutika. Haivutiki kila mahali, inavutika pale ukuta mwembamba unapokutana na kitako kinene, sehemu ileile, kila mara. Ule mstari mng'aavu niliouona ndo huo. Ukiendelea, ganda linakatika vipande viwili ndani ya chemba, kitako kinatoka na mbele inabaki, na moto unaweza kupenya nyuma kuelekea usoni kwako.

Kuna njia rahisi ya kulikagua ganda. Chukua waya mwembamba, hata klipu ya karatasi iliyonyooshwa, kunja ncha yake ifanye kandoano kafupi, chonga ncha iwe kali, uingize kwenye mdomo wa ganda mpaka chini, alafu ikokote taratibu ukutani kuja juu. Kwenye ganda zima inateleza tu. Kwenye ganda lililoanza kuchoka unasikia ncha inadumbukia kwenye kamfereji, mkono unahisi kabla jicho halijaona. Ganda la hivyo liponde kwa koleo ulitupe kwenye chuma chakavu, usilirudishe kwenye boksi kwa kusema utalitumia mara moja ya mwisho.

Hesabu ya thredi ndo iliyonifungua macho. Dai karibu zote za kawaida zina thredi ya inchi 7/8, meno 14 kwa kila inchi. Maana yake mzunguko mmoja mzima unaishusha dai 1/14 ya inchi, ambayo ni milimita 1.81 hivi. Robo mzunguko ni milimita 0.45. Sasa bega kwa bunduki ya bolti linahitaji kurudi nyuma milimita 0.025 mpaka 0.05 tu ukilinganisha na ganda lililotoka kwenye chemba hiyo. Kwa semiotomatiki inayojipakia yenyewe kwa kasi na haina mkono wa kusaidia kufunga, watu wanaacha 0.08 mpaka 0.13. Ichukulie dai kama uso wa saa. Kuishusha milimita 0.05 ni kama mshale wa dakika kusogea dakika moja na nusu hivi. Robo mzunguko ni dakika kumi na tano. Unaona tofauti hiyo ilivyo, unaambiwa dakika 15 wakati unachotafuta kiko ndani ya dakika mbili.

Lakini kusema kweli ile robo mzunguko haiendi yote kwenye bega, na hapa ndo watu wanachanganyikiwa. Presi ni chuma na chuma kinanyumbuka. Ukiigusisha dai kwenye kishikio bila ganda inaonekana hakuna pengo, alafu weka ganda lililopakwa mafuta, vuta mkono mpaka mwisho, chungulia kwa tochi kati ya dai na kishikio, utaona mwanga unapita. Nguvu ya kulibana ganda imeinyoosha presi kidogo pamoja na ule ulegevu wa thredi na viungo vyake. Ile robo mzunguko ipo kwa ajili ya kumeza unyumbukaji huo na kubakiza ziada kwa usalama wa kuingia. Ziada ni kiasi gani inategemea presi yako, kishikio chako, shaba ina ugumu gani, na mafuta uliyopaka. Kwa hiyo mtu akikwambia yeye huongeza moja ya nane na inamtosha, anakwambia ukweli wa presi yake.

Basi unafanyaje. Chukua maganda matano uliyoyapiga kwenye bunduki hiyohiyo, yatoe fataki zilizotumika kwanza, maana fataki iliyochomoza hata kidogo nyuma inaharibu kipimo. Pima kwa kalipa (kipimo cha taya mbili) iliyofungwa komparata, kale kapete kanakokaa juu ya bega, kutoka kitako mpaka bega. Namba yenyewe haina maana kwa mtu mwingine yeyote, ni ya kulinganisha tu, kwa hiyo usishangae ikitofautiana na ya jirani. Andika ile kubwa inayojirudia. Sasa isogeze dai iguse kishikio alafu irudishe juu mzunguko mmoja mzima, paka ganda mafuta, libane, lipanguse, pima.

Hapa utakuta kitu kitakachokushtua. Bega litakuwa limekwenda mbele, ganda limerefuka kuliko lilivyotoka kwenye chemba, na ukijaribu kulifungia bolti linagoma. Wageni wengi wakifika hapa wanadhani dai ni mbovu. Dai ni nzima. Kilichotokea ni kwamba imeanza kubana kiwiliwili kabla haijafika kwenye bega, na shaba iliyobanwa pembeni lazima iende mahali, inakwenda juu, kama vile ukiminya mrija wa dawa ya meno katikati. Ukiendelea kuishusha dai, moja ya nane, moja ya nane tena, utafika pahali bega linaguswa na juu ya dai na linaanza kurudi nyuma, kipimo kinashuka hadi kile cha mwanzo, na kuanzia hapo unatembea kwa dakika moja moja ya saa, ganda jipya kila mara, mpaka lifike pale unapotaka. Ukielewa hii utaelewa pia kwa nini ushauri wa "bana kidogo tu ganda lidumu" unaweza kukuletea ganda lisiloingia kabisa, kubana nusunusu ni kubaya kuliko kote.

Kama huna komparata bado unaweza. Pakaza bega wino wa maka pen, likaushe, libane, angalia wino umeguswa wapi, alafu lijaribu kwenye bunduki. Kwa bunduki ya bolti fundi anayejua huvua pini ya kufyatulia na springi yake ili mkono wa bolti uanguke kwa uzito wake tu, ganda likiwa refu unasikia bolti inakaza robo ya mwisho, ukishusha dai kidogo kidogo unafika pale inapoanguka bila neno. Ni kipimo kizuri sana, mkono unahisi vitu ambavyo kalipa ya bei rahisi inavificha. Bastola au bunduki, hakikisha ni ganda tupu, narudia.

Loknati sasa. Ukishapata pahali pako usiikaze dai ikiwa hewani. Pandisha ganda ndani, acha pistoni juu, alafu ndo kaza, kwa sababu thredi zina ulegevu na ganda likiwa ndani linaivuta dai ikae katikati. Loknati nyingine zinabana kwa skrubu ndogo ya aleni ya pembeni, nyingine zina mpira ndani na hazifungwi moja kwa moja. Zile ambazo skrubu inakandamiza thredi zenyewe, watu huweka kachembe ka madini laini ya risasi chini ya skrubu ili thredi zisichubuke. Mimi napenda zile zinazobana kama klampu kwa sababu nikiitoa dai kesho kutwa nikairudisha inagota palepale, alafu nachora mstari wa wino kutoka loknati hadi kwenye presi, nikiona mistari haikutani najua kuna kitu kimesogea.

Ile fimbo ya katikati ina kazi mbili, chini kabisa kuna pini inayosukuma fataki ya zamani itoke, na juu yake kidogo kuna kitufe cha mviringo kinachopanua shingo kutokea ndani wakati ganda linashuka. Iseti pini ichomoze chini ya dai milimita 5 hivi, inatosha kuangusha fataki. Ukiishusha mno kile kitufe kinaweza kugonga sakafu ya ganda, na unakuta fimbo imepinda au pini imevunjika. Pini ikivunjika pia angalia aina ya fataki. Kuna mfumo wa Boxer wenye tundu moja katikati, na mfumo wa Berdan wenye matundu mawili madogo pembeni, yote miwili ni ya miaka ya 1860, Boxer alikuwa Mwingereza na Berdan Mmarekani. Pini yako imetengenezwa kwa tundu moja la katikati, ukikutana na ganda la Berdan itagonga ukuta mgumu. Chungulia ndani ya ganda kwa tochi kabla hujalipandisha. Shingo nayo ikitoka inatakiwa iwe nyembamba kuliko kichwa kwa milimita kama 0.05, ndo kinachokishika kichwa kisiteleze, na ukisikia kitufe kinalia kwii kikitoka basi ndani ya shingo pakavu, piga brashi yenye mafuta kidogo, la sivyo kinaivuta shingo mbele na kuvuruga bega ulilolihangaikia.

Kuhusu mafuta nina la kusema zaidi kwa sababu ndo kosa langu la kwanza kabisa. Siku ya kwanza nilipaka ganda moja moja kwa kidole, nikafika la sita au la saba nikaona hili linang'aa vizuri limeshakuwa na mafuta, nikalipandisha. Lilipanda zito. Badala ya kusimama nikaongeza nguvu, likaingia mpaka juu, alafu nilipovuta mkono kurudi likakataa, nikavuta kwa mikono miwili, pistoni ikashuka ghafla na kwenye kishikio kukabaki kipande cha ukingo wa kitako kilichochanika, ganda lenyewe limebaki ndani ya dai limeganda kama limechomelewa. Ikabidi kutoboa kitako kwa drili, kukata thredi, kuweka bomba fupi chini ya dai na bolti katikati, kuikaza mpaka ganda litoke likilia. Jioni nzima ilikwenda kwa ganda moja. Sasa kanuni yangu ni moja, ganda la raifo likipanda zito kuliko mwenzake nashusha hapohapo, napaka upya. Ila usiende upande wa pili ukayaogesha, mafuta mengi yakikusanyika kwenye bega hayana pa kwenda na yanalibonyeza, unapata kashimo kwenye bega. Kiwiliwili kipate utando mwembamba ambao kidole kinausikia ila jicho haliuoni vizuri, bega lisipate kitu, na ukimaliza panguza lote likauke, chemba haitaki ganda lenye mafuta.

Bastola ni rahisi zaidi kwa upande huu. Dai zake nyingi za kurudisha umbo zina pete ya kabaidi ndani, ngumu sana na inateleza, kwa hiyo ganda lililonyooka linaingia bila mafuta. Lakini kabaidi ni ngumu kama kioo kilivyo kigumu, ikigongwa na kishikio inaweza kupasuka, kwa hiyo hapa ile "iguse alafu robo" ni mwiko. Iache pengo la unene wa karatasi kati yake na kishikio. Alafu seti ya bastola ina dai ya kati ya kupanua mdomo, maana kichwa hakiwezi kuingia kwenye mdomo wenye ncha kali bila kuchubuka. Ishushe kidogo kidogo mpaka kichwa kikae chenyewe mdomoni bila kuanguka, usiongeze hapo, kila upanuzi wa ziada unauchosha mdomo na baada ya mara kadhaa unapasuka.

Dai ya mwisho ni ya kupandikiza kichwa, na hii ina mtego ambao umeharibu maganda mengi ya wageni, ndani yake kuna kidato cha kubana mdomo wa ganda, kinaitwa krimpu, na ukiishusha dai kama ulivyoshusha ile ya kwanza kidato hicho kinaukandamiza mdomo kabla kichwa hakijafika. Ganda linakunjamana begani, wakati mwingine mvimbo mdogo tu ambao huuoni ila risasi haiingii kwenye chemba. Fanya hivi: legeza fimbo ya kupandikizia iende juu kabisa, weka ganda lililorudishwa umbo bila kichwa, pandisha pistoni mpaka juu na uiache huko, shusha dai kwa mkono mpaka uisikie imegusa mdomo wa ganda, ni mguso laini kabisa usiulazimishe, alafu irudishe juu mzunguko mmoja, funga loknati. Sasa dai haibani tena. Weka kichwa mdomoni, pandisha, na uishushe fimbo kidogo kidogo ukipima kila mara urefu wa risasi nzima mpaka ufike ule ulioandikwa kwenye kitabu chako. Kwa .308 ukomo wa urefu wote ni milimita 71.12, kwa .223 ni 57.40, kwa 9 mm Luger ni 29.69, ila hizo ni dari, urefu wako ni ule wa kitabu kwa kichwa hicho.

Na fimbo hiyo haigusi ncha ya kichwa mara zote, inagusa pembeni yake, kwa hiyo ukibadilisha aina ya kichwa hata kama uzito ni uleule seti upya tangu mwanzo. Nimeona mtu anabadilisha kutoka kichwa cha duara kwenda kichwa bapa na kuendelea kama kawaida, vichwa vikazama ndani kuliko alivyodhani. Kwenye 9 mm ganda ni dogo sana, kichwa kikizama hata milimita moja nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda haraka, hili si jambo la kuchukulia poa. Ukimaliza risasi ya majaribio isiyo na baruti wala fataki, ikandamize kwa kidole gumba ncha yake ikiwa mezani, pima tena. Ikifupika shingo haijashika, na jibu la hilo liko kwenye dai ya kwanza na kitufe chake, usikimbilie kulificha kwa krimpu.

Maana krimpu yenyewe ina sheria zake. Risasi za rivolva zenye ukingo, kama .38 Special, zinakunjwa mdomo uingie kwenye kamfereji ka kichwa ili kichwa kisitambae mbele kwa mtikisiko. Lakini 9 mm na .45 ACP zinagota ndani ya chemba kwa mdomo wa ganda, hazina bega, ukiukunja mdomo ndani umeondoa kituo chake. Hizo unaondoa tu ule upanuzi ulioweka kwa kubana kwa mteremko, mdomo wa 9 mm usizidi milimita 9.65, alafu vua mtutu wa bastola, dondosha risasi ya majaribio ndani, inatakiwa iingie yenyewe na mlio wa tok, uizungushe kwa kidole, uigeuze mtutu iteleze itoke. Kama unataka kubana na kupandikiza kwa pigo moja, hakikisha maganda yote yana urefu sawa, maana lililo refu linabanwa zaidi na lililo fupi haliguswi. Kwa .308 ganda likifika milimita 51.18 linahitaji kukatwa lirudi kama 50.93, na kumbuka kila unapolibana kwenye dai ya kwanza linarefuka, kwa hiyo pima baada ya kubana. Mimi binafsi kwa anayeanza ningesema tenganisha, pandikiza kwanza zote, alafu legeza fimbo juu, shusha dai kidogo, bana zote kwa mzunguko wa pili. Inachukua muda ila ukikosea unajua kosa limetoka kwenye hatua gani.

Ukipata risasi ya majaribio iliyokaa sawa kila mahali usiitupe. Chora mstari wa rangi kuizunguka yote na utoboe ganda pembeni ili mtu yeyote ajue haina kitu, iweke ndani ya boksi la dai pamoja na kikaratasi chako wewe chenye kipimo cha bega, urefu wote na jina kamili la kichwa. Wakati mwingine ukirudisha dai kwenye presi unaipandisha hiyo risasi, unashusha fimbo mpaka iguse, na uko karibu sana na pale ulipoachia, unapima ya kwanza kuhakikisha. Lakini ukibadilisha presi, au umenunua kishikio kingine hata cha saizi hiyohiyo, rudi kwenye yale maganda matano na komparata, maana unene wa kishikio ukitofautiana hata milimita 0.05 bega nalo limehama kiasi hichohicho.